Esposito: jina la ukoo lisilo na ukoo

Waitaliano wawili wanaoitwa Esposito wakikaa mtaa mmoja hapa Malindi, swali la kwanza la mwenyeji ni kama wale ni ndugu. Lina haki yake. Pwani hii majina ya mwisho yakifanana watu huanza kumtafuta babu. Mazrui na Mazrui wana pa kukutania, Mgiriama akitaja mbari yake wazee hujua pa kumweka, na hata wasiojuana huhojiana mpaka nasaba ipatikane. Kwa Esposito hesabu hiyo haifiki popote. Ni miongoni mwa majina manne au matano yenye watu wengi zaidi Italia nzima, na Napoli ndilo linaloongoza, lakini wingi huo haukutoka kwa babu mmoja. Ulipita kwenye tundu la ukutani.

Neno lenyewe ni la Kilatini, *expositus*, yaani aliyewekwa nje. Kitenzi chake kilitumika kwa bidhaa zilizotandazwa zionekane, na pia kwa mtoto aliyeachwa mahali pa wazi ili mwingine amwokote. Kiitaliano cha kila siku kiliondoa irabu moja, neno likawa *esposto*. Jina limebaki na umbo la zamani kwa sababu waliokuwa wakiliandika daftarini ni makasisi na makarani waliozoea Kilatini. Mkazo nao umebaki pale pale ulipokuwa: E-SPO-si-to. Mswahili kwa mazoea ya lugha yake hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, akasema Esposiito, na Wamarekani hulitamka vivyo hivyo. Ukilitamka kwa mkazo wa Napoli mbele ya mwenyewe, utamwona anageuka.

Sasa hilo tundu. Waitaliano waliliita *ruota*, gurudumu, ingawa kwa umbo lilikuwa pipa la mbao lililosimamishwa ndani ya ukuta wa hospitali au nyumba ya watawa, likizunguka kwenye mhimili wa wima. Upande mmoja wa pipa ulikuwa wazi. Aliyemleta mtoto, mara nyingi usiku, alimlaza ndani, akalizungusha pipa mpaka uwazi ukaelekea ndani ya jengo, akapiga kengele, akaondoka. Mwanamke wa zamu alimtoa mtoto upande wa pili bila kuuona uso wa aliyemleta. Ndiyo iliyokuwa kazi ya kifaa hicho: mtoto apite, jina la mzazi lisipite. Simulizi mashuhuri humtaja Papa Innocent wa Tatu na hospitali ya Santo Spirito ya Roma, mwaka 1198, kuwa ndiko desturi ilikoanzia, kwa sababu wavuvi walikuwa wakinasa maiti za vichanga kwenye mto Tevere.

Napoli kazi hiyo ilifanywa na nyumba ya Annunziata, iliyoanzishwa karne ya 14, na jengo lake bado lipo mtaa wa Forcella. Mtoto akishapokelewa aliogeshwa na kubatizwa, akavishwa shingoni medali ya madini ya risasi yenye alama ya nyumba, kisha akapewa mnyonyeshaji. Wengi walipelekwa kwa wanawake wa vijijini waliolipwa kuwanyonyesha. Wengi pia walikufa kabla ya kutimiza mwaka, kwa maziwa haba, kwa msongamano, kwa magonjwa ya kuambukizana. Wasichana waliokua humo walitafutiwa waume na kupewa na nyumba fedha za kuolewa. Mtaani watoto hawa walikuwa na cheo chao, wana wa Madonna, na Mnapoli wa zamani hakulitamka jina hilo kwa dharau tu. Lilikuwa na huruma na woga wa kidini ndani yake.

Msomaji Mwislamu hapa atakumbuka aya ya 5 ya Sura ya Al-Ahzab, inayoamuru watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na baba wasipojulikana, basi wawe ndugu katika dini. Nasaba haibuniwi. Napoli nao hawakuibuni, ila walipita njia nyingine: waliliacha pengo liandikwe. Mtoto wa Annunziata alipokuwa mtu mzima, akaoa na kuzaa, neno lililokuwa maelezo ya hali yake likawa jina la watoto wake, ambao baba yao alikuwa akijulikana kabisa. Kizazi cha tatu hakikuwa tena na uhusiano wowote na pipa la mbao.

Kwa nini wengi kiasi hicho, na kwa nini Napoli? Sababu ya kwanza ni ukubwa wa mji. Kwa karne kadhaa Napoli ulikuwa kati ya miji mikubwa ya Ulaya, na umaskini wake ulikuwa mkubwa vilevile. Ya pili mara nyingi husahauliwa: Annunziata haikupokea watoto wa mji peke yake. Walibebwa kutoka mikoa ya mbali ya ufalme wa Napoli, na watu wenye kazi hiyo ya kubeba. Kwa hiyo Esposito wa Napoli huenda damu yake ni ya Calabria au Puglia, na hakuna hati itakayomwambia. Sababu ya tatu ni ya kiofisi. Nyumba moja ilitumia jina moja kwa wote. Familia ya kawaida huwapa jina lake watoto wachache kila kizazi. Annunziata iliwapa watoto wake jina lilo hilo mwaka baada ya mwaka, na kila mvulana aliyenusurika akaanzisha nyumba yake. Majina ya ukoo kwa kawaida hukua kama mti kutoka shina moja. Hili lilimea kutoka mashina maelfu kwa wakati mmoja.

Na si kila aliyewekwa pale alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Wenye ndoa waliwaacha watoto mwaka wa njaa, mama alipokufa, au maziwa yalipokauka, wengine wakikusudia kumrudia mtoto mambo yakitengemaa. Hao waliacha alama: nusu ya sarafu, nusu ya picha ya mtakatifu, utepe wa rangi fulani. Nusu ya pili ilibaki kwa mzazi, na siku ya kumdai mtoto nusu mbili zikalinganishwa. Anayedhani kila Esposito ana aibu ya zinaa nyuma yake anawasingizia watu wengi.

Ila aibu ilikuwapo, na serikali iliitambua. Chini ya Joachim Murat, shemeji wa Napoleon aliyetawala Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, ilikatazwa kuendelea kuwapa watoto wa kuokotwa jina la Esposito, kwa kuwa lilimtangaza mtu maisha yake yote. Makarani wakaanza kubuni majina: ya miezi, ya watakatifu, ya maua, ya tabia, ya mahali mtoto alipookotwa. Hapa ndipo wasomaji wa nasaba hupotea mara nyingi. Esposito aliyezaliwa 1850 kwa kawaida hakuokotwa yeye. Amerithi kutoka kwa babu wa kabla ya amri. Aliyeokotwa mwaka huo huo huenda anaitwa jina zuri lisilo na dalili yoyote. Pipa la Annunziata lenyewe lilifungwa mwaka 1875, na yaliyosalia nchini yakafutwa kisheria mwaka 1923.

Sheria ya leo imesimama palepale. Amri ya rais nambari 396 ya mwaka 2000, kifungu cha 34, inamkataza ofisa wa uandikishaji kumpa mtoto ambaye wazazi wake hawajulikani jina lolote linalofichua asili yake. Inamkataza pia kumpa jina lenye umuhimu wa kihistoria au la familia inayojulikana sana mahali pale. Sehemu hii ya pili naipenda: mtoto asiumizwe na jina, lakini pia asiandikwe kwenye familia ya watu ambao kesho watakuja kumkana.

Miji mingine ilikuwa na majina yake, na ukiyajua unaweza kukisia mtu alitoka hospitali ipi. Firenze ilikuwa na Ospedale degli Innocenti, jengo la Brunelleschi lililoanza kujengwa 1419 na kupokea mtoto wa kwanza 1445. Watoto wake wakawa Innocenti au Degl'Innocenti, wasio na hatia. Roma na mikoa ya jirani ni Proietti, kutoka neno la Kilatini la aliyetupwa, ambalo ni kali kuliko Esposito. Bologna ni Degli Esposti. Siena, kwa hospitali ya Santa Maria della Scala, ni Della Scala. Sicilia utakutana na Trovato, aliyepatikana. Emilia na Romagna wana Casadei na Casadio, nyumba ya Mungu, na katikati ya Italia yupo Diotallevi, Mungu akulee, ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote.

Milano nao walitumia Colombo, njiwa, kwa sababu njiwa alikuwa nembo ya hospitali yao kuu, na desturi hiyo ikakoma mwaka 1825. Hapa pana mtego. Colombo lilikuwa pia jina la kawaida la mtu tangu zama za kati, nalo likageuka jina la ukoo mahali pengi bila hospitali yoyote. Christopher Columbus, ambaye Waitaliano humwita Cristoforo Colombo, alikuwa mtu wa Genova na baba yake alijulikana, mfumaji wa sufu. Usimhukumu kila Colombo kwa njiwa wa Milano. Hali ni hiyo hiyo kwa Innocenti na Della Scala: huenda limetoka hospitalini, huenda halikutoka huko. Esposito na Proietti ndiyo yenye shaka ndogo zaidi, kwani maana yake haina pa kujificha.

Kwa wanaofanya kazi na Waitaliano kila siku, kuanzia hotelini hadi ufukweni, inafaa kujua kwamba Esposito ni la pekee na kwamba majina mengi ya Italia yana asili nyepesi. Kuna ya baba au babu: Di Giovanni, De Luca, D'Angelo. Kuna ya mahali: Romano, Genovese, Napolitano, ambayo kwa kawaida mtu hakupewa kwao bali kule alikohamia, maana huko Roma kila mtu ni Mroma. Kuna ya kazi: Ferrari, Ferrero, Ferraro na Fabbri wote ni wahunzi, Sartori ni mshonaji. Kuna ya sura na tabia: Ricci mwenye nywele za mawimbi, Rossi na Russo wenye wekundu wa nywele au ndevu. Hao wawili wa mwisho ni neno moja kwa matamshi ya pande mbili. Kwa ujumla kaskazini na katikati hupenda mwisho wa -i, wa wingi, kama kusema watu wa akina fulani. Kusini hupenda -o, wa umoja. Jina lililokatwa likaishia -n, mfano Benetton, kwa kawaida ni la Veneto. La -u, kama Cossu, huenda ni la Sardinia. Kanuni hizi zina mianya, kwa sababu karne nzima ya uhamiaji wa ndani imewachanganya watu, lakini mgeni akijitambulisha na ukasema kwao ni upande gani kabla hajakuambia, mazungumzo huanza vizuri.

Tena lipo la Kiitaliano ambalo watu wa Ngomeni wamelizoea bila kulichunguza. Kituo kilichokuwa kikirusha setilaiti kinaitwa kwa jina la Luigi Broglio, mhandisi aliyeongoza mradi wa San Marco, ambao majukwaa yake baharini yalirusha Uhuru, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei, tarehe 12 Desemba 1970. Broglio ni jina la mahali: kwa lugha ya zamani ya kaskazini ni bustani ya miti ya matunda, iliyozungushiwa ukuta au ua. Shamba la miembe kwenye lango la roketi, basi.

Esposito lilipotoka Italia lilifuata njia za meli. Kati ya 1876 na 1915 Waitaliano wapatao milioni 14 waliondoka nchini, na bandari ya Napoli ilikuwa moja ya milango yao mikubwa. Kwa hiyo Esposito lipo tele Marekani, Argentina, Ufaransa, Kanada. Argentina huliwekea alama ya mkazo, Espósito, na kule inabidi uangalie, kwani Wahispania nao walikuwa na watoto wao wa kuokotwa na jina lao ni Expósito. Familia mbili jirani za Buenos Aires, moja ya herufi s na moja ya x, zimetoka nchi mbili kwa kisa cha aina moja. Mchezaji wa hoki ya barafu Phil Esposito alizaliwa Kanada mwaka 1942. Mwigizaji Giancarlo Esposito alizaliwa Copenhagen mwaka 1958, baba akiwa Mnapoli na mama Mmarekani mweusi, mwimbaji wa opera. Wapenzi wa mpira wanamjua Francesco Pio Esposito wa Inter, mzaliwa wa Castellammare di Stabia, mji ulio kwenye ghuba hiyo hiyo ya Napoli. Na kila menyu ya Malindi yenye pizza Margherita inamgusa mwingine: Raffaele Esposito, mpishi anayesimuliwa kuwa aliitengeneza kwa ajili ya Malkia Margherita mwaka 1889. Wanahistoria wana mashaka na kisa hicho, na pizza ya nyanya na jibini ilikuwapo kabla, lakini mpishi alikuwapo.

Umbo la jina nalo hubadilika njiani. Sposito ni Esposito lililopoteza irabu ya kwanza kwa matamshi ya kusini. D'Esposito, linaloonekana sana rasi ya Sorrento, ni mwana wa Esposito, kumaanisha tayari alikuwa na baba wa kutajwa. Kwenye daftari za zamani mwanamke huandikwa Esposita, na mara nyingi hilo si jina bado bali sifa: Maria, aliyeokotwa. Usitegemee herufi kubwa kukuamulia, makarani wa wakati ule waliziweka walivyopenda.

Sasa tuseme familia hapa inataka kumfuatilia babu Esposito. Vijana wengi huanza kwa kuingiza jina kwenye intaneti na kupata nembo ya ukoo ya kuuzwa, yenye simba na ngao. Fedha hizo zikae mfukoni. Watoto wa Annunziata hawakuwa na nembo zaidi ya ile medali ya risasi.

Kinachohitajika kwanza ni mji na tarehe ya kuzaliwa ya mzee wa mbali kabisa anayejulikana. Kwa sababu hati za Italia ziko kwenye manispaa, *comune*, na si kwenye ofisi moja ya taifa, kusema babu alitoka Napoli hakutoshi kama alizaliwa Torre del Greco au Pozzuoli. Ukishaujua mji, iandikie ofisi yake ya *stato civile*, yaani ya uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo. Na hapa neno moja linaamua utapata nini. Ukiomba *certificato* utapewa karatasi yenye jina, mahali na tarehe, bila wazazi, kwa kuwa sheria ya mwaka 1955 iliwaondoa wazazi kwenye hati za kawaida ili mtu asiyejulikana baba yake asiumbuliwe kila anapoomba kazi; kabla ya hapo ziliandikwa herufi N.N. mahali pa baba. Ukiomba *estratto per riassunto* utapata nyongeza za pembeni, kama ndoa. Unachotaka ni *copia integrale*, nakala ya daftari kama lilivyo, yenye wazazi, mashahidi, na kila kilichoandikwa ukingoni baadaye. Ofisa anaweza kudai sababu na uthibitisho kwamba unahusika, kwa hiyo ambatanisha mnyororo wa vyeti kutoka kwako hadi kwa huyo mzee.

Kwa hati za karne ya 19 rudi nyuma kwa njia nyingine. Uandikishaji wa serikali ulianza ufalme wa Napoli mwaka 1809, Sicilia 1820, na kwa Italia iliyoungana 1866, Veneto ikifuata 1871. Kabla ya hapo ni daftari za parokia, zilizolazimishwa na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 kwa ubatizo na ndoa. Daftari nyingi za serikali zimepigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya nyaraka za taifa iitwayo Antenati, bure. Ugumu wa Napoli ni kwamba mji uligawanywa kwa mitaa, Mercato, Pendino, Porto, Stella, Vicaria na kadhalika, na kila mtaa una daftari na faharasa zake kwa kila mwaka. Usipojua mtaa utafungua vitabu vya mji mzima kwa mwaka mmoja, na katika kila faharasa utakuta kurasa za Esposito, Gennaro kwa wingi, Antonio kwa wingi, Maria zaidi ya wote. Hapo jina la baba na umri wake ndivyo vya kuchujia, si jina la mtoto.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, anza na ndoa. Ufalme ule uliwataka wachumba walete bahasha ya viambatanisho, iliyoitwa *processetto*. Ndani yake kuna nakala za kuzaliwa au kubatizwa za wote wawili, na kama baba alikuwa amekufa, hati ya kifo chake, na mara nyingi ya babu wa upande wa baba pia, kwa sababu ridhaa ya ndoa ilikuwa ikipanda kwake. Bahasha moja hivyo yaweza kukurusha vizazi viwili bila kufungua daftari la kuzaliwa hata moja.

Safari hufika mahali daftari likaandika *proietto*, *esposto* au *genitori ignoti*, wazazi wasiojulikana. Angalia pia sehemu ya pili ya daftari la kuzaliwa, ambako watoto wa kuokotwa mara nyingi waliandikwa peke yao. Wanaotafuta kwenye sehemu ya kwanza tu huamua kwamba mtu hakuandikwa. Kama ni wa Annunziata, hifadhi yake ya nyaraka ina vitabu vya gurudumu kuanzia karne ya 17: siku na saa ya kupokelewa, umri wa kukadiria, nguo alizovaa, alama za mwili, na kikaratasi kama kilikuwapo. Hapo ndipo mwisho wa barabara kwa watu wengi. Kipimo cha vinasaba chaweza kumletea mtu binamu wa mbali walio hai, lakini jina la Esposito lenyewe halimsaidii kuwachuja, kwa sababu Esposito wengine alionao kwenye orodha hawamhusu zaidi ya Rossi au Russo.

Lingine la wazi: jina halileti uraia. Kinacholeta ni mnyororo wa vyeti, na tangu sheria nambari 74 ya Mei 2025 mnyororo wenyewe umefupishwa, kwa kawaida usizidi mzazi au babu. Mwenye jina la Esposito asiye na karatasi hana kitu, na anayeitwa Charo mwenye cheti sahihi cha baba yuko mbele yake.

Kwa familia zilizochanganyika hapa Malindi, matatizo makubwa si ya historia bali ya tahajia. Cheti cha Kenya kikishaandika Espozito, Exposito au Esposto, Italia huona mtu mwingine, na kurekebisha baadaye ni hati za kiapo, tafsiri na miezi ya kusubiri. Kagua rasimu herufi kwa herufi ukiwa na pasipoti ya baba mkononi, kabla muhuri haujagongwa. Kama wazazi hawajaoana, kumbuka kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu cha 12 cha sheria ya uandikishaji wa vizazi kuwa kinyume cha Katiba, kile kilichokuwa kikizuia jina la baba kuandikwa bila ridhaa yake. Kwa upande wa Italia, baba hutambuliwa kwa taratibu zao wenyewe, kupitia ubalozi wao Nairobi, na cheti kikishatafsiriwa na kuthibitishwa huingizwa kwenye daftari za manispaa ya baba.

Mke Mkenya ajue kwamba tangu mageuzi ya sheria ya familia ya 1975, hati za Italia humtambua mwanamke kwa jina lake la kuzaliwa hata akiolewa. Akibadilisha kitambulisho chake cha hapa awe Esposito, atakuwa na majina mawili kwa serikali mbili, na kila ombi la viza litamtaka aeleze.

Kuhusu watoto, hukumu nambari 131 ya mwaka 2022 ya Mahakama ya Katiba ya Italia ilisema mtoto apate majina ya wazazi wote wawili kwa mpangilio watakaokubaliana, isipokuwa wakiafikiana awe na moja. Hapo Ugiriama unagongana na Napoli. Karisa wa Kazungu humwita mwanawe Kazungu wa Karisa, jina likizunguka kati ya babu na mjukuu, halina kituo. Karani wa Italia hajui mzunguko huo. Huchukua neno lililo mahali pa jina la ukoo kwenye pasipoti ya mama, na kama ni Kazungu, mtoto anakuwa Esposito Kazungu, na jina la babu limegandishwa kwa vizazi vyote vitakavyofuata. Wazazi waamue mapema ni neno lipi mama ataliweka mahali hapo, la babu au la mbari.

Na kwa wa Sorrento: pasipoti ya D'Esposito, kwenye mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, huandikwa DESPOSITO, kwa sababu kanuni ya kimataifa huondoa ile alama ya juu, ritifaa, na kuunganisha herufi. Kwenye cheti andika D'Esposito kamili, na kwenye fomu ya ndege DESPOSITO. Usiandike nafasi tupu katikati, D na Esposito.